Kuunda Susipensheni ya Mikono Minne Nyumbani kwa Gari la Porini, na Namna ya Kuijaribu

Ekseli ngumu ya nyuma iliyoshikwa na springi za bapa ina tatizo la asili. Bapa zile zinabeba uzito wa gari, na papo hapo ndizo zinazoizuia ekseli isisogee mbele, nyuma wala pembeni. Fundi akizilainisha ili gurudumu lishuke zaidi kwenye korongo, hujikunja mfano wa herufi S kila dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, pua ya difu, yaani kasha la gia lililo katikati ya ekseli, huinuka, na krosi za propela, yaani viungo vya shafti inayoleta nguvu kwenye difu, huanza kuumia. Akizikaza ili zisijikunje, gurudumu moja huning'inia hewani na gari hukosa mshiko. Susipensheni ya mikono minne yenye springi za koili huzitenganisha kazi hizo: mikono, yaani fimbo za chuma zinazounganisha ekseli na chesi, huishika ekseli, koili hubeba uzito, na kila kimoja hupangwa kwa namna yake bila kukiharibu kingine.

Mwongozo huu unamlenga mtu anayejua kuchomelea chuma kinene, mwenye sakafu ngumu iliyosawazika na muda wa kutosha. Muda ndio ninaousisitiza kuliko mashine. Mtu anayefanya kazi nyumbani, bila mteja anayesubiri, anaweza kuishikiza ekseli kwa nukta chache za kuchomelea, akaipandisha na kuishusha kwa jeki kutoka mwanzo hadi mwisho wa mwendo wake, akaona kila mahali panapogusana, kisha akakata nukta hizo na kuanza upya. Makosa mengi ya susipensheni za kujiundia hutokana na kuchukua vipimo gari likiwa limetulia tu, ilhali madhara hutokea gurudumu linapofika mwisho wa kupanda au mwisho wa kushuka.

Kabla ya yote, mahali pengi sheria hudai mabadiliko ya namna hii yakaguliwe na kuandikishwa kabla gari halijarudi barabarani, kwa hiyo ni busara kuuliza matakwa ya ukaguzi mapema, wakati mchoro bado uko kwenye karatasi. Vilevile usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Chesi ikae juu ya stendi imara, magurudumu ya mbele yawekewe kabari, na gari lisukumwe kwa nguvu pembeni ili kuhakikisha kwamba halichezi kabla mtu hajalala chini yake.

Vipimo vya kuanzia

Pima gari kwenye mizani ya malori, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, likiwa na tangi lililojaa na mizigo ambayo kwa kawaida husafiri nayo. Uzito wa gari tupu haukusaidii kitu, kwa sababu gari la porini ni nadra kusafiri tupu. Tuchukue mfano ambao tutaufuata hadi mwisho: ekseli ya nyuma inakandamiza mizani kwa kilo 1,100. Kati ya hizo, ekseli yenyewe, difu, breki na magurudumu vina takriban kilo 220, ambazo hazibebwi na springi. Zinabaki kilo 880, yaani kilo 440 kwa kila upande, sawa na nguvu ya nyutoni 4,316.

Nyumbani, egesha gari kwenye sakafu iliyokaguliwa kwa pimamaji, likiwa bado na springi zake za zamani. Ning'iniza timazi kutoka kwenye chesi, kutoka katikati ya ekseli na kutoka kwenye kingo za matairi, kisha weka alama za chaki sakafuni. Andika umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kwa pande zote mbili, pembe ya pinioni (shafti ya difu ambako propela hufungwa), pembe ya shafti inayotoka kwenye transfa (kasha la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), na urefu wa propela. Alama hizo ndizo zitakazokuonyesha ekseli inapaswa kurudi wapi baada ya kukata mabano yote ya zamani, maana wakati huo hutakuwa na kitu kingine cha kukuongoza.

Ugumu wa springi

Watu wengi huchagua springi kwa kutazama kimo wanachokitaka. Njia sahihi ni kuanza na kasi ya mtikisiko, yaani mara ngapi kwa sekunde mwili wa gari ungepanda na kushuka kama usingezuiwa na shokapu. Magari mengi ya abiria hukaa kati ya 1 na 1.5 kwa sekunde. Kwa gari la porini linalobeba mizigo nyuma, 1.3 ni mahali pazuri pa kuanzia, na inafaa nyuma iwe na kasi kubwa kidogo kuliko mbele ili gari likipita tuta lisiendelee kuinamia mbele na nyuma kwa zamu.

Ugumu unaohitajika hupatikana kwa kuzidisha uzito wa upande mmoja, kwa kilo, na mraba wa zao la 6.283 na kasi ya mtikisiko. Kwa mfano wetu, 6.283 mara 1.3 ni 8.17, mraba wake ni 66.7, ukizidisha na 440 unapata takriban nyutoni 29,400 kwa mita, yaani 29.4 kwa milimita. Hesabu hiyo inakubaliana na njia nyingine ya kuitazama: uzito wa nyutoni 4,316 utaiminya springi hiyo milimita 147 gari likiwa limesimama. Ukiongeza kilo 200 za mzigo juu ya ekseli ya nyuma, kila upande utashuka milimita 33 zaidi. Kama mshuko huo ni mkubwa mno kwa safari zako, ongeza ugumu sasa kwenye karatasi, na ukubali kwamba gari likiwa jepesi litakuwa gumu zaidi.

Hesabu hii inachukulia kwamba springi imesimama wima juu ya ekseli. Ikiwekwa juu ya mkono wa chini, kwa mfano kwenye asilimia 70 ya urefu wake kutoka kwenye chesi, ugumu unaofika gurudumuni hupungua kwa mraba wa uwiano huo, yaani 0.49. Hapo springi yenyewe lazima iwe na nyutoni 60 kwa milimita ili gurudumu lipate 29.4. Mraba huu husahaulika mara nyingi, na gari lililosahauliwa hulala chini siku ya kwanza linapoteremshwa kutoka kwenye stendi.

Springi iliyotoka kwenye gari jingine inaweza kukaguliwa kwa kalipa. Pima unene wa waya, kipenyo cha koili kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya, na idadi ya mizunguko iliyo huru kujiminya. Ugumu ni 79,000 mara unene wa waya kwa kipeo cha nne, ugawanywe kwa zao la 8, kipenyo kwa kipeo cha tatu, na idadi ya mizunguko, vipimo vyote vikiwa kwa milimita. Waya wa milimita 14, kipenyo cha 125 na mizunguko 6.5 hutoa takriban nyutoni 29.9 kwa milimita, karibu kabisa na tunachokitafuta. Waya huohuo ukiwa na milimita 13 tu, ugumu hushuka hadi 22.2, kwa hiyo pima mahali ambapo rangi na kutu vimekwanguliwa. Usikate springi kwa moto wala kuipasha ili ishuke. Joto huua uimara wa chuma hicho, na hakuna mtu anayeweza kuurudisha nyumbani.

Urefu wa springi nao una hesabu yake. Tuseme gurudumu litapanda milimita 110 kutoka kimo cha kawaida na kushuka 130. Springi yetu ya 29.9 inaminywa milimita 144 na uzito wa gari, hivyo gurudumu likiwa juu kabisa itakuwa imeminywa 254. Mizunguko ikigusana yote, pamoja na ile miwili ya mwisho isiyofanya kazi, urefu wake ni karibu milimita 119. Springi yenye urefu huru wa milimita 400 itabaki na 146 gurudumu likiwa juu kabisa, na hivyo kuacha nafasi ya 27 kabla ya koili kugusana. Gurudumu likiwa chini kabisa, urefu wake ni 386, maana yake bado imeminywa 14 na haitachomoka kwenye kikombe chake. Faida nyingine ni ya usalama: springi iliyominywa milimita 14 inasukuma kwa nyutoni 420 hivi, kwa hiyo hufungwa na kufunguliwa bila kushindana na nguvu inayoweza kuvunja mkono. Hata hivyo ifunge kwa waya au bamba dogo kwenye kikombe cha chini.

Mikono na nguvu zinazopita ndani yake

Mikono miwili ya chini hukimbia karibu sambamba na chesi, na miwili ya juu huwekwa kwa mshazari, ikikaribiana juu ya difu na kutanuka kuelekea kwenye chesi. Mshazari huo ndio unaoizuia ekseli isisogee pembeni, kwa hiyo pembe kati ya mikono miwili ya juu isipungue nyuzi 40. Ikiwa pembe ni ndogo, gari litayumba kwenye kona na viungo vya juu vitakwisha mapema.

Kimo kati ya kiungo cha juu na cha chini kwenye ekseli ni kipimo cha kukifikiria sana. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 840. Kiungo cha chini kikiwa milimita 360 kutoka ardhini na cha juu 570, kati yao kuna 210. Tairi linaposukuma au linapofunga breki kwa nguvu fulani ardhini, mkono wa chini hubeba 570 gawanya kwa 210, yaani mara 2.7 ya nguvu hiyo, na wa juu hubeba mara 1.7. Kila gurudumu letu la nyuma lina kilo 550 juu yake. Likishika ardhi barabara, nguvu ni karibu nyutoni 5,400, na mkono wa chini unabeba zaidi ya nyutoni 14,600, karibu uzito wa tani moja na nusu, kabla hatujahesabu mshtuko wa kugonga jiwe. Sasa sogeza kiungo cha juu kishuke hadi 480 ili sakafu ya gari isikatwe: tofauti inakuwa 120, na mkono wa chini unabeba mara 4. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hushikilia kanuni ya kuacha walau robo ya kipenyo cha tairi kati ya viungo hivyo. Ningekata sakafu kuliko kuipunguza tofauti hiyo.

Kwa mikono ya chini tumia bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha nje cha milimita 50 na ukuta wa milimita 6, kwa sababu litagonga mawe na wakati mwingine litabeba uzito wote wa gari likiwa limekwama. Mikono ya juu inaweza kuwa myembamba kidogo. Urefu wa mkono wa juu, ukitazamwa kwa upande, uwe takriban asilimia 70 hadi 75 ya ule wa chini. Mikono mirefu ni mizuri kwa sababu ncha zake husafiri kwenye tao pana: mkono wa milimita 900 uliolala sawa, ncha yake ikipanda 110, huivuta ekseli mbele milimita 6.7 tu. Mkono wa juu wa 650 huivuta 9.4. Tofauti ya milimita 2.7 kati ya viungo vilivyoachana 210 huigeuza pua ya difu kwa chini ya digrii moja, jambo ambalo propela italivumilia bila shida.

Chora mikono hiyo kwa upande, kwa kipimo kamili kwenye karatasi kubwa au ukutani. Endeleza mstari wa mkono wa chini na wa juu hadi vikutane; kutoka mahali tairi la nyuma linapogusa ardhi, chora mstari unaopita kwenye makutano hayo mpaka ufike juu ya ekseli ya mbele. Linganisha kimo chake hapo na kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Vikilingana, nyuma ya gari haitashuka wala kuinuka unapokanyaga mafuta. Mstari ukipita juu sana, gari litajiinua na kurukaruka kwenye mpando wa mawe hadi tairi lipoteze mshiko. Kwa gari linalotembea taratibu porini, kati ya asilimia 50 na 100 ya kimo cha kitovu cha uzito ni eneo la kuanzia lisilo na hatari. Toboa mabano ya chesi matundu mawili au matatu ya ziada kwa wima ili uweze kubadili pembe baadaye.

Kwenye viungo, weka bushi ya raba upande wa chesi na kiungo cha mpira wa chuma chenye uzi upande wa ekseli. Bushi hupunguza kelele na mshtuko; kiungo cha chuma huruhusu mkono ujizungushe ekseli inapopinda. Uzi wa kiungo uingie ndani ya mkono kwa kina kisichopungua mara moja na nusu ya kipenyo cha uzi wenyewe. Bolti zishikwe na mabamba pande zote mbili, kamwe zisining'inie upande mmoja, na ziwe za daraja la uimara la 10.9, kwa nati zenye kujifunga.

Kuchomelea

Ondoa nyaya za betri, sogeza mbali mafuta, na uweke kibano cha waya wa kurudishia umeme karibu kabisa na mahali unapochomelea, ili mkondo usipite kwenye beringi za magurudumu au za difu. Shokapu zenye gesi zisikaribie moto. Kabla ya kugusa gari, chomelea vipande vya mabaki vya unene uleule kwa umbo la T, vikaze kwenye jiliwa na uvipige nyundo mpaka vijikunje. Mshono ukiachana na bamba badala ya chuma chenyewe kupinda, haujapenya, na mashine au mkono unahitaji marekebisho. Mtu ambaye mishono yake haifaulu jaribio hili amwachie mchomeleaji mwenye sifa hatua ya mwisho. Kila kazi nyingine bado anaweza kuifanya mwenyewe.

Bano la milimita 6 lisichomelewe moja kwa moja kwenye chesi yenye ukuta mwembamba. Weka kwanza bamba pana lenye kona za mviringo ili nguvu isambae, na uepuke mshono ulionyooka wima kukata upana wa chesi, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia hapo. Ekseli nayo hujipinda kwa joto, kwa hiyo chomelea vipande vya milimita 25 hadi 30, ukibadilisha pande, na usubiri mpaka mkono uweze kugusa kabla ya kuendelea. Kitovu cha difu cha chuma cha kusubu kina taratibu zake za kupasha na waya maalumu wa kuchomelea. Ni bora kupeleka mabano kwenye mirija ya ekseli au kwenye daraja la chuma linaloirukia difu.

Lakini haya yote ni ya baadaye. Kwa sasa kila bano lishikwe kwa nukta nne tu.

Kuipitisha ekseli mwendo wake wote bila springi

Hatua hii inastahili siku nzima, na ikiwezekana mbili. Chesi ikiwa kwenye stendi kwa kimo cha kawaida cha gari, springi na shokapu zikiwa zimeondolewa, magurudumu yakiwa yamefungwa, weka jeki ya magurudumu chini ya difu. Pandisha ekseli kwa hatua za milimita 20 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Kila hatua andika pembe ya pinioni, umbali wa tairi hadi chesi na hadi bodi, na urefu wa sehemu ya propela inayoteleza. Sehemu hiyo isifike mwisho wa kuingia gurudumu likiwa juu, na isichomoke gurudumu likiwa chini. Acha walau milimita 25 kila upande.

Propela yenye krosi moja kila ncha huhitaji pinioni na shafti ya transfa ziwe sambamba kwenye kimo cha kawaida. Yenye krosi pacha upande wa transfa huhitaji pinioni ielekee moja kwa moja kwenye transfa, ikishushwa digrii moja au mbili ili irudi sawa mafuta yanapokanyagwa. Zungusha propela kwa mkono ekseli ikiwa chini kabisa. Ikikwama au ikigusa, hiyo ndiyo alama ya kikomo cha kushuka, hata kama shokapu ingeruhusu zaidi.

Kisha fanya lile ambalo vipimo vya sakafuni haviwezi kulionyesha. Weka jeki mbili, moja chini ya kila upande wa ekseli, na upandishe upande mmoja hadi juu kabisa huku mwingine ukishuka hadi chini kabisa. Katika hali hii iliyopinda ndipo viungo hufika mwisho wa kugeuka, tairi huingia ndani ya bodi, na hozi ya breki hunyooka. Tazama kila kiungo kwa tochi. Kikiwa kimegusa bano lake, ekseli inatumia bano hilo kama wenzo, na uzito wa gari utalivunja. Fuatilia hozi ya breki, kebo ya breki ya mkono, waya wa vihisi vya magurudumu na bomba la kupumulia difu. Kama gari lako lina vali inayopima mzigo kwa fimbo iliyofungwa kwenye ekseli, fahamu kwamba gari likiinuliwa vali hudhani halina mzigo na hupunguza breki za nyuma. Fimbo lazima irekebishwe kulingana na kimo kipya. Rudia kwa upande wa pili. Usitegemee kwamba pande mbili zinafanana, kwani ekzosi na tangi haviko pande zote.

Raba za kugongea huwekwa sasa, si mwishoni. Zianze kuguswa wakati gurudumu limebakiza theluthi moja hivi ya mwendo wake wa kupanda, na zikiwa zimeminywa kabisa, shokapu ibaki na walau milimita 12 kabla haijafika mwisho. Upande wa kushuka, mikanda imara ya kuzuia ndiyo ishike ekseli kabla shokapu haijanyooka mwisho. Shokapu inayotumika kama kizuizi hufa haraka, na mara nyingi hung'oa bano lake.

Ukiridhika, weka alama kwenye kila bano, shusha ekseli, kamilisha mishono yote, iache ipoe, ikague kwa rangi ya kupenya inayoonyesha nyufa, kisha pitia mwendo wote tena. Joto husogeza mambo, na milimita tatu kwenye bano zinaweza kuwa karibu digrii nzima kwenye pinioni. Bolti zenye bushi za raba zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake wote. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, raba hubaki imejisokota na hupasuka.

Shokapu

Ukinzani wa shokapu hulinganishwa na kiwango ambacho kingeizuia kabisa springi isitikisike. Kwa upande wetu wa kilo 440 na springi ya nyutoni 29.4 kwa milimita, kiwango hicho ni nyutoni 7,200 hivi kwa kila mita moja ya kasi kwa sekunde. Asilimia 30 yake, karibu 2,150, ni wastani mzuri, ukigawanywa ili kurudi kuwe kugumu kuliko kuminywa. Shokapu ikilala kwa pembe hupoteza uwezo kwa mraba wa kosaini ya pembe hiyo: kwenye nyuzi 15 hasara ni asilimia 7 tu, lakini kwenye nyuzi 45 ni nusu nzima. Isimamishe kadiri nafasi inavyoruhusu.

Majaribio kabla ya kuondoka nyumbani

Fungua shokapu, watu wawili wasimame kwenye bampa ya nyuma na kuitikisa kwa mdundo wake wa asili, kisha washuke. Rekodi kwa simu. Mitikisiko mitano ikichukua takriban sekunde 3.8, hesabu ya 1.3 imethibitika, ikichukua sekunde 3, springi ni ngumu kuliko ulivyodhani au gari ni jepesi. Rudisha shokapu, shusha mwili wa gari milimita 50 na uuachie ghafla, ukiwa umeweka futi kamba nyuma yake mbele ya kamera. Kwa ukinzani wa asilimia 30 utapanda karibu milimita 19 juu ya kimo, ushuke kama 7 chini yake, na utulie. Ukirudi polepole bila kuvuka kimo, ukinzani ni mkubwa na gari litazama kidogokidogo kwenye njia ya makunyanzi, yaani ya matuta madogo yanayofuatana, kwa sababu springi haipati muda wa kujinyoosha kati ya tuta na tuta.

Jaribio la mteremko wa kupimia, linaloonyesha ekseli zinaweza kupinda kiasi gani, hufanywa kwa jukwaa imara la mteremko lenye pembe ya nyuzi 20. Gurudumu moja hupanda taratibu mpaka jingine lianze kuinuka. Umbali uliopandwa, gawanya kwa umbali kati ya ekseli mbili, zidisha kwa 1,000: milimita 1,500 kwa gari la 2,600 ni 577. Mtu asimame mbali, upande ulioinuka, na dereva afunge mkanda. Namba hiyo hufaa kulinganisha gari lako kabla na baada ya kazi. Usiikimbilie kwa ajili yake yenyewe, kwani gurudumu lililoshuka sana bila uzito juu yake halisukumi gari popote.

Barabarani na porini

Anza mahali palipofungwa na patupu. Kwa kilomita 20 kwa saa, funga breki taratibu, halafu kwa nguvu, ukisikiliza mlio na kuangalia kama gari linavuta upande. Panda hadi 40, kisha 60, kabla ya kujaribu kona yoyote. Gari likijiendesha lenyewe kwa nyuma kwenye kona, yaani ekseli ikigeuka kidogo linapolala, shusha ncha za mikono ya chini kwenye chesi kwa tundu moja. Kaza bolti zote tena kwa spana ya kupimia mkazo baada ya kilomita 50, na uchore mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bano ili kulegea kokote kuonekane kwa macho.

Porini, funga oringi au kamba ndogo ya plastiki kwenye fimbo ya kila shokapu. Itasukumwa na kubaki pale shokapu ilipofika. Kama baada ya njia ngumu haijafika kwenye eneo la raba, springi au shokapu ni ngumu mno na unabeba mwendo usioutumia. Ikifika mwisho kila mara, ongeza ukinzani wa kuminya kabla ya kubadili springi. Badili kitu kimoja kwa wakati, pita njia ileile kwa kasi ileile na kwa hewa ileile ya matairi, na uandike. Kwenye makunyanzi marefu simama na upime joto la shokapu kwa kipimajoto cha mbali: moja ikiwa baridi kuliko mwenzake wa upande wa pili, haifanyi kazi, zote zikiwa za moto mno na gari limeanza kuelea, mafuta yake yamelegea, na unahitaji shokapu yenye mafuta mengi zaidi au tangi la pembeni.

Baada ya kilomita 500 osha sehemu yote ya chini na uikague mishono ikiwa kavu na safi. Tafuta mstari mwembamba wa kutu kando ya mshono, rangi iliyopasuka kwenye kona za mabano, na tundu la bolti lililoanza kuwa yai. Ukiona kimojawapo, gari lisimame hapo mpaka bano hilo likatwe, sababu ijulikane, na jipya liwekwe.